Mche Si Mti

Sisi wa Nyatike hatungoji redio ituambie kwamba tabia ya nchi imebadilika. Mto Kuja ukifurika, tunahama. Mwaka wa 2020 Ziwa Victoria lilifikia kiwango ambacho halikuwa limekifikia tangu 1964, na watu wa ufuoni, Migori na Homa Bay, wakaachia maji nyumba zao. Msimu mwingine mvua hukawia, mahindi yakakauka hata hayajafika kiunoni.

Ni kweli moshi mwingi unaoipasha dunia joto hutoka kwa nchi za viwanda. Lakini vilima vyetu, je, vilinyolewa na nani? Si sisi wenyewe, kwa makaa na kuni za kukaushia tumbaku? Kilima kitupu hakishiki maji. Udongo wote huteremka mtoni.

Hapo ndipo mashirika yasiyo ya kiserikali huingia, kama vile C-MAD la Rongo, linalohamasisha jamii dhidi ya kuenea kwa jangwa. Lakini kuingia si kazi. Kazi ni kubaki.

Kikundi cha mama yangu kiliwahi kuletewa miche na wageni wa gari kubwa. Hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, gari likaondoka. Kiangazi kikaja, mbuzi nao wakaja. Basi, kwisha! Baadaye akaja dada mmoja wa shirika dogo la hapa kwetu, kwa baiskeli. Alileta mbegu kidogo na maswali mengi: Nani atamwagilia? Mbuzi ni wa nani? Akina mama walicheka, lakini wakapanga zamu. Sasa kaliandra inalisha ng'ombe wetu, na kuni hatuzifuati mbali.

Marehemu Profesa Wangari Maathai aliyajua haya. Vuguvugu la Green Belt, alilolianzisha mwaka wa 1977, liliwapa akina mama malipo madogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila shimo lililochimbwa.

Shirika la kwetu halina pesa kama za ng'ambo. Hata hivyo, likituahidi jambo, tutakutana nalo sokoni siku ya soko, na litajibu!

Nasi wanachama, siku ya kupanda miti shuleni tusijisifu kwa idadi ya mashimo. Tungoje kiangazi kipite, kisha tuhesabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.