Sauti ya Cucu na fremu zilizopungua

Leo tuweke kando hifadhidata na seva. Kuna swali ninaloulizwa mara kwa mara: nilianza lini kusaka hitilafu za programu? Watu hudhani ni chuoni, nilikosomea sayansi ya kompyuta. Hapana. Nilianzia Nyeri mwaka 2014, nikiwa kidato cha tatu, kabla sijaandika hata mstari mmoja wa msimbo. Tulikuwa tunatengeneza filamu fupi.

Kwa wasiojua, Kenya kuna tamasha la drama na filamu la shule na vyuo. Mnaanza ngazi za chini, mnapanda hadi kaunti, kanda, halafu taifa, ambayo kwa kawaida huwa Aprili. Kwa hiyo kazi yote ni ya muhula wa kwanza. Sisi tulikuwa wanafunzi saba, mwalimu mmoja wa Kiswahili, na simu yake. (Simu kwa mwanafunzi wa bweni ni marufuku, kwa hiyo kuishika ile ya mwalimu mbele ya watu kulikuwa na raha yake.)

Hadithi ilikuwa hivi: mvulana amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Bibi yake alishapeleka kahawa kiwandani lakini pesa hazijaingia. Muswada wa kwanza ulijaa watu wakichuma kahawa. Shida ni kwamba msimu mkuu kwetu ni Oktoba hadi Desemba. Februari utalitoa wapi tunda jekundu? Mmoja wetu alipendekeza tufunge shanga kwenye matawi! Mwalimu akasema, basi andikeni kuhusu kungoja.

Hapo ndipo filamu ilipopatikana. Mkulima mdogo hupeleka matunda kwenye kiwanda cha ushirika, kahawa ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikakobolewa, ikapigwa mnada Nairobi, na malipo yakamfikia miezi mingi baadaye. Karo nayo inadaiwa Januari. Nusu ya darasa letu hawakuhitaji kuelezwa kisa hicho.

Mlima Kenya nao ulitusumbua. Una mita 5,199 lakini unajua kujificha: alfajiri uko wazi, ikifika saa nne umeshajifunika mawingu. Picha moja ya sekunde sita ilitugharimu asubuhi tatu. Sijui wale waliopiga Born Free, iliyotoka 1966, kule karibu na Naro Moru, walivumilia vipi. Wao angalau walikuwa na simba wa kuwachangamsha.

Bibi aliigizwa na mpishi wa shule, kibarua wa muda, ambaye sote tulimwita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu. Hakutaka muswada. Alisema tumweleze kisa tu, la kusema atalijua mwenyewe. Tulikuwa tumemwandikia hotuba nzima kuhusu subira. Siku ya kurekodi, ndani ya jiko lenye moshi na dirisha moja, mjukuu akamwuliza, "Cucu, pesa za kahawa zitakuja lini?" Akakoroga chungu. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani amesahau zamu yake. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Kula kwanza."

Basi. Aliyeshika simu alikuwa anafuta machozi, na si moshi.

Wiki iliyofuata kibarua chake kikaisha, akaenda kuishi kwa binti yake Nanyuki. Kurudia hakukuwezekana tena.

Tukaingia maabara ya kompyuta kuhariri kwa Movie Maker, ile ambayo Microsoft iliacha kuitoa mwaka 2017. Kila kitu kikaenda sawa isipokuwa jikoni. Mdomo wa Cucu unafunga, ndipo maneno yanakuja. "Kula kwanza" ilisikika akiwa ameshainuka kufuata sahani. Ule ukimya wake wote ukageuka kichekesho, na wenzangu wakacheka kweli. Wengine wakataka kipande kitupwe, kijana mmoja avae kitenge na kilemba, asome ile hotuba.

Niliomba siku mbili. Nikachukua daftari, nikaandika kila kipande: kizuri au kibaya, kilirekodiwa wapi, saa ngapi. Jibu likajitokeza lenyewe. Vya nje, juani, vyote vizuri. Vya ndani, gizani, vyote vibaya.

Sababu ni hii. Simu ile ilirekodi fremu 30 kwa sekunde ikiwa na mwanga wa kutosha. Gizani hurefusha muda wa kila fremu ili ipate mwanga, kwa hiyo fremu kwa sekunde hupungua. Faili huandika kila fremu ionyeshwe wakati gani, lakini programu yetu ilizihesabu kana kwamba zote zimepishana sawasawa. Picha ikakimbia, sauti ikabaki nyuma. Hakuna kilichoharibika, saa tu hazikusomwa.

Jumamosi nikaomba ruhusa, nikaenda saiba mjini, nikapakua HandBrake kwenye flashi. Ina sehemu ya kuchagua kasi ya fremu isiyobadilika. Nikageuza vipande vyote vya jikoni kabla ya kuvihariri upya, na midomo ikarudiana na maneno. (Simu nyingi za leo bado zina tabia hiyo. Ukirekodi gizani, geuza kwanza, hariri baadaye.)

Filamu ilifika ngazi ya kaunti ikaishia hapo. Kabla ya hapo tuliionyesha bwaloni, wanafunzi wamejazana mpaka madirishani. Ilipofika jikoni hakuna aliyecheka. Hata kijiko hakikulia.

Mwalimu alituma nakala ya CD Nanyuki kwa matatu. Cucu akampigia simu siku mbili baadaye. Kuhusu uigizaji wake hakusema neno. Alitaka kujua kama yule kijana aliyeigiza mjukuu, yeye mwenyewe, karo yake imelipwa.