Mwanza hadi Bukoba na watoto: dakika arobaini zinazokula nusu siku

Likizo ya Desemba ikikaribia, wazazi wengi wa Mwanza wenye asili ya Kagera huulizana swali moja: mwaka huu watoto tuwapelekeje kwa bibi?

Ukichora mstari ulionyooka juu ya Ziwa Victoria, kiwanja cha ndege cha Mwanza na cha Bukoba vimeachana kwa kilomita kama 175. Ndege ya pangaboi ikishatulia angani hukimbia karibu kilomita 500 kwa saa, hivyo kwa hesabu ya darasani ingefika kwa dakika 21. Lakini haifanyi hivyo. Inatumia muda kutembea hadi kwenye njia ya kurukia, inapanda, na ikimaliza kupanda huwa karibu inaanza kushuka. Ndiyo maana ratiba huweka kama dakika 40, na mtoto aliyeahidiwa soda anaweza kufika hajaimaliza.

Ongeza sasa muda wa nchi kavu. Kiwanja cha Mwanza kiko Ilemela, kama kilomita 10 kutoka mjini, na unatakiwa kufika mapema kwa ajili ya ukaguzi. Bukoba ni nafuu: kiwanja kiko pale pale mjini, kando ya ziwa. Mvua ikishuka ziwani asubuhi, ndege inaweza kuchelewa kuondoka, kuzunguka angani ikisubiri, au kurudi ilikotoka. Usimwahidi bibi chakula cha mchana.

Wapo wanaoogopa, na siwacheki. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba na watu 19 wakafariki. Lakini hata meli ina kumbukumbu yake: MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996 na kuua mamia. Kagera kuna familia ambazo hazijaacha kuhesabu. Mtoto mkubwa akiuliza, mjibu kweli, kwa maneno machache. Kumwambia "nyamaza" ndiko kunakomtia hofu.

Meli ya usiku bado naipenda kwa familia kubwa: watoto wanalala, wanaamka Bukoba. Basi nalo limepata nguvu tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025 na foleni ya kivuko ikaisha. Hata hivyo barabara inazunguka ziwa kupitia Geita na Biharamulo, umbali unaozidi mara mbili ule wa angani. Kwa mtoto anayetapika garini, hiyo ni siku nzima ya mateso.

Ukichagua ndege, mtoto chini ya miaka 2 hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Beba cheti chake cha kuzaliwa. Mnyonyeshe ndege inapoanza kushuka, kwani kumeza ndiko kunakozibua masikio. Wakubwa wape pipi, na waamshe kabla ya kushuka.

Kurudi ndiko kwenye kasheshe. Bibi atakufungia ndizi, kahawa na senene, na mizani ya kiwanjani haijui heshima. Uliza kikomo cha kilo siku unayokata tiketi, umpigie mapema. Mkungu mzima upande meli.