Mfupa Unataka Kishindo

Sisi wasichana wa mbio ndefu tunasifiwa wepesi. Kocha akiniona nimekonda anatabasamu. Siku zangu zilipokatika miezi mitano, wenzangu wakasema, aa, ndivyo riadha ilivyo. Sivyo! Mwili usioshiba hupunguza homoni za kike, na mfupa hukosa mlinzi. Ugoko wangu ukapata ufa.

Ulipounga, daktari akasema: kula kwanza, kisha nyanyua vyuma na uruke. Kuruka? Ndiyo, bwana. Mwendo uleule wa saa nzima seli za mfupa huuzoea, zikanyamaza. Zinataka kishindo cha ghafla, mara chache, halafu pumziko. Mtazame mcheza tenisi: mfupa wa mkono wa raketi ni mnene kuliko wa pili. Na muogeleaji, pamoja na misuli yote ile? Mifupa yake mara nyingi haimzidi mtu asiyecheza chochote. Maji yanambeba.

Basi naruka kamba uani, kumi kumi, kisha nachuchumaa na chuma mabegani. Watoto wa jirani wananihesabia, wengine wanaruka namba makusudi. Kilo nne zimerudi, siku zangu pia. Kocha kanuna. Jumamosi nina mita 5,000.