Nusu ya Rada ni Lori

Rada ya kuhama nusu yake ni lori, na nusu hiyo ndiyo niliyoitumikia jeshini kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Watu huzungumzia antena, humsifu opereta aliyekaa mbele ya kioo, lakini dereva na fundi wa lori hawatajwi. Nataka watajwe.

Nilifunzwa kwenye P-12, rada ya Kisovieti ya miaka ya 1950. Ilipakiwa juu ya malori mawili ya ZIL-157. Moja lilibeba mlingoti na antena 12, safu mbili za sita sita. La pili lilibeba kibanda cha mitambo na opereta. Jenereta zilivutwa kwa trela. ZIL hilo lina tairi 6 na zote zinasukuma, na dereva huweza kupunguza au kuongeza upepo wa tairi akiwa amekaa kwenye usukani. Kwenye mchanga na matope hilo ndilo lililotuvusha. Petroli lilikunywa sana, basi safari yoyote ilianza kwa hesabu ya mapipa.

Kufika kituoni ilikuwa mwanzo tu wa kazi. Lori la antena lilishushiwa jeki, na chini ya kila jeki tuliweka kipande cha gogo, mninga ukipatikana, kwa sababu hauliwi upesi na unyevu. Kisha pimamaji, kidogo huku, kidogo kule, mpaka tone la hewa litulie katikati. Mlingoti ukiinama, antena ikizunguka itatazama juu upande mmoja na chini upande wa pili, na opereta ataripoti mambo yasiyokuwepo. Masika ardhi hulainika usiku na jeki moja huzama polepole. Kwa hiyo tuliamka usiku, tukamulika kurunzi kwenye pimamaji, tukapandisha upande uliolala. Baada ya hapo waya wa ethi, nyaya za umeme, jenereta. Umeme ukiyumba, valvu huumia, na valvu ya kubadilisha ilikuwa haipatikani dukani.

Afrika Mashariki imeijua kazi hii zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1940, Waitalia wakiwa Somalia na Ethiopia, Waafrika Kusini walileta rada yao Mambrui, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa imeundwa Johannesburg na kundi la mwanafizikia Basil Schonland katika miezi michache, na mwangwi wake wa kwanza ulipatikana Desemba 1939. Nikiifikiria, nawaona zaidi waliovusha vioo vile dhaifu kwenye barabara za pwani za wakati ule bila kuvivunja.

Na sisi wa maziwa tulipata sababu yetu ya kuitaka rada. Katika vita vya Kagera, mwaka 1979, ndege ya Libya, iliyoisaidia Uganda dhidi ya Tanzania, aina ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza. Ikakosa shabaha, ikapiga kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Ndege inayokuja juu ya ziwa haikutani na kijiji cha kupiga simu. Dakika chache za onyo hutoka kwenye rada, au hazitoki popote.

Nikiwa hapa mwaloni Kibirizi, macho yangu bado hupima pa kuweka rada. Mawimbi ya P-12 yana urefu wa kama mita 2, na maji huyarudisha vizuri mno. Wimbi moja huenda moja kwa moja, jingine hugonga ziwa kwanza. Yakisaidiana unaona mbali, yakipingana unabaki na pengo ambamo ndege hupita usiione. Ukiweka rada chini kabisa, penye mitumbwi na vichanja vya dagaa, ndege ya chini utaichelewa. Mbele yako, kama kilomita 50, milima ya Kongo itajaza kioo kwa mwangwi usiohama. Nyuma kuna vilima. Juu yake ungeona mbali zaidi, ila rada hii inataka uwanja tambarare kuizunguka, na miteremko ya Kigoma haina ukarimu huo.

Mabishano ya namna hii tulikuwa nayo kila tulipohama. Opereta alitaka juu, kamanda alitaka pa kujificha. Mahali pasipofikika kwa lori hapakutufaa kitu, na aliyejua kama panafikika ni dereva, aliyetangulia kwa miguu akipima udongo kwa kisigino.