Mlango wa Chuo na Mlango wa Mama

Jumanne ya wiki ya mwisho ya kukusanya ripoti za utafiti, msimamizi wangu aliniuliza swali moja tu: "Data zako naziona lini?"

Nikajibu, "Ijumaa, Mwalimu." Huku najua fika kwamba data zenyewe haziko chuoni. Ziko Kaengesa, ndani ya kompyuta ya mezani aliyoiacha marehemu baba, kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Kwa asiyepajua, Kaengesa ipo kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Tunduma, juu kwenye uwanda wa Ufipa. BTP nilifanyia karibu na nyumbani, nikakusanya madodoso 84 ya wanafunzi wa kidato cha pili. Laptopu yangu ilikuwa imekufa, kwa hiyo niliyaingiza yote kwenye kompyuta ya baba, usiku, nimejifunga blanketi, maana baridi ya Ufipa haina mchezo. Flashi niliyowekea nakala ilifika chuoni haisomeki. Kupanda basi kwenda na kurudi kulitaka muda na nauli, na bumu lilishakata.

Mdogo wangu wa kidato cha tatu alijaribu kunitumia faili kwa simu. Akatuma "ripoti", akatuma "ripoti mpya", akatuma "ripoti mpya kabisa". Zote siyo. Sikumlaumu, majina hayo niliyatunga mwenyewe. Ikabidi niingie mwenyewe kwenye ile kompyuta, nikiwa hapa hapa hosteli.

Nikaazima laptopu ya rafiki, nikajaribu Remote Desktop ya Windows. Ikagoma. Nikaenda ofisi ya TEHAMA, na kaka mmoja pale akanichorea kwenye karatasi.

Mtandao wetu, alisema, hautoki nje moja kwa moja. Katikati kuna seva ya proksi. Wewe unaiomba ukurasa, yenyewe inakwenda kuuchukua na kukuletea. Ni kama kumtuma mtoto dukani: sukari na chumvi anazijua, ukimwagiza kitu kingine anarudi mikono mitupu. Kurasa za tovuti hupita milango namba 80 na 443. Remote Desktop hugonga mlango namba 3389, na huo hapa umefungwa.

"Na hata ungekuwa wazi," akaendelea, "kompyuta ya nyumbani inapata intaneti kwenye simu, si ndiyo?" Ndiyo, simu ya mama. Basi, kwenye intaneti ya laini ya simu, mara nyingi wateja wengi hutumia anwani moja ya nje. Nikamwelewa haraka, maana nimekulia kwenye S.L.P. ya shule iliyotumiwa na kijiji kizima. Barua inafika, lakini bila jina haijulikani ni ya nani.

Wenzangu hosteli walinishauri niweke VPN niikwepe proksi. Sikutaka. Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Halafu mimi nakwenda kuwa mwalimu. Nitamkatazaje mwanafunzi kuruka uzio?

Njia aliyonipa yule kaka ilikuwa rahisi: kama wewe huwezi kumfikia, na yeye hawezi kukufikia, tokeni wote mkutane katikati. Programu kama AnyDesk, ya kampuni iliyoanzishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2014, hufanya hivyo. Kila kompyuta inaipigia seva yao kwa kutokea ndani, na inaweza kupita mlango 443 ambao proksi inaujua. Seva ndiyo inayowaunganisha. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kujaza anwani ya proksi. Akanijazia, akaniruhusu nitumie siku hiyo.

Alhamisi jioni mdogo wangu akawasha kompyuta, akaweka programu, akanipigia kwa kitochi. LUKU ilikuwa imebaki uniti mbili. Akaanza kunisomea namba za kwenye kioo. Nikasikia sauti nyuma yake: "Unamsomea nani namba?"

Mama aliwahi kupoteza pesa ya mahindi kwa watu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Akakichukua kitochi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama kweli ni wewe, kitambaa cha kompyuta kina rangi gani?"

"Kijani, mama. Kimeungua pembeni, nilikiunguza na pasi."

Akanyamaza kidogo. "Haya, msomee."

Mdogo wangu akabonyeza kukubali, na sebule yetu ikafunguka mbele yangu: picha ile ile ya baba amesimama na darasa lake. Nikasogeza kipanya, nikamsikia mama, "Mbona kinatembea chenyewe?"

Faili haikuwa kwenye folda yangu. Usingizi ulinifanya niihifadhi kwenye folda ya baba, katikati ya maandalio yake ya masomo ya kidato cha pili. Mambo yalikwenda polepole, kioo kikiganda kila mara. Nilichukua faili mbili: data zangu, na andalio moja la baba. Hilo halikuwa la msimamizi.

Tulipomaliza, mama akauliza, "Huyo wa katikati ameshatoka?" Nikamwambia mdogo wangu aiondoe programu kabisa, mama akiwa anaangalia. Ndipo akaridhika.

Ndugu msomaji, weka nakala ya kazi yako sehemu mbili, na faili ipe jina ambalo mtu mwingine ataielewa. Ukikwama kwenye proksi, ofisi ya TEHAMA ipo, nenda ukaulize. Na usimsomee mtu namba za kwenye kioo chako kwa sababu tu anajua jina lako. Muulize kwanza kitambaa kina rangi gani.