Wanne kwa Kitabu Kimoja

Kitabu cha saikolojia ya elimu kilikuwa kimoja, sisi tulikuwa wanne. Kilikuwa cha mwenzetu aliyetangulia kulifanya somo hilo, na kukitoa kopi kizima pale Newala mjini kungekula mshahara ambao tayari ulikuwa na wenyewe. Basi tukakisoma kwa zamu. Mtu alikaa nacho siku mbili tatu, akamaliza mada yake, akakipeleka kwa anayefuata. Jumamosi mchana tulikutana Luchingu, chini ya mwembe wa mwenye nyumba wangu, kila mmoja akaeleza alichosoma wakati kitabu kimeshamtoka mikononi.

Ilikuwa kati ya 2006 na 2010, miaka ya kusoma Huria. Kila shule ilikuwa na mwalimu anayesoma Huria. Shule za kata zilikuwa zinaota kama uyoga baada ya mpango wa elimu ya sekondari wa 2004, walimu hawatoshi, na vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaingizwa madarasani. Watu hawakuchelewa kuwabatiza Voda fasta. Sisi wenye stashahada tulijua kwamba bila shahada tutazeeka tukiwapisha wadogo zetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, kwa ajili ya watu wa namna yetu hasa: wenye kazi, wenye watoto, wanaokaa mbali na kila kitu. Kituo chetu kilikuwa Mtwara. Kutoka Newala hadi Mtwara, kupitia Tandahimba, gari lilikuwa likipiga mbizi kwenye mchanga kiangazi na kwenye tope masika, nasi ndani yake tukikariri majina ya Wazungu.

Kundi letu lilikuwa na walimu watatu na bwana shamba mmoja. Yule bwana shamba alikuwa anasoma kozi nyingine kabisa, ila alipenda ubishi, na mkewe alikuwa akituletea ming'oko ya kuchemsha, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza anatafuta nini. Yeye ndiye aliyetunga sheria: aliye na kitabu siku hiyo haruhusiwi kukifungua mpaka wengine wote washindwe kabisa kujibu. Tuliifuata kwa utani mwanzoni. Baadaye ikawa kali kuliko sheria za mtihani.

Tulipofika kwa Pavlov na mbwa wake anayetokwa mate kwa kusikia mlio, hakuna aliyehitaji maelezo marefu. Shuleni kwetu kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mkorosho, na mwaka ulipokuwepo uji, watoto walikuwa wakimeza mate mara rimu ikigongwa, hata siku mahindi yalipokwisha na sufuria kufunikwa. Kwa Skinner na mambo yake ya tuzo na adhabu tukagombana. Mwalimu wa Kitangari alishikilia kwamba kiboko kinafundisha. Bwana shamba akamwuliza: ulipokuwa jandoni, yale unayoyakumbuka mpaka leo, ulifundishwa kwa kiboko au kwa nyimbo na mafumbo uliyotakiwa kuyafumbua mwenyewe mbele ya wenzako? Mwalimu akacheka, akanyamaza. Nami sitaendelea, mambo ya jandoni hayaandikwi gazetini. Lakini tangu siku hiyo nilianza kuwatazama wanafunzi wetu kwa jicho jingine, hasa wale waliokuwa wakirudi kutoka jandoni na unyagoni baada ya likizo ndefu, nasi walimu tukilalamika kwamba wamepoteza masomo. Walikuwa wamekaa wiki nyingi bila daftari wala kalamu, na walichofundishwa hakikuwatoka.

Ebbinghaus ndiye aliyetuchekesha zaidi. Mjerumani huyo alijifungia akikariri silabi zisizo na maana, akajipima amesahau kiasi gani baada ya saa, baada ya siku, baada ya mwezi, akachapisha matokeo mwaka 1885. Ukiutazama mchoro wa matokeo hayo, kumbukumbu inaporomoka kama ule ukingo wa Shimo la Mungu hapo Newala, ambapo ardhi inakatika ghafla na unaliona bonde la Ruvuma huko chini kabisa. Tukasema, huyu bwana alituandikia sisi, maana maneno mengi ya Kiingereza katika kitabu kile kwetu yalikuwa silabi tupu. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na mtu wa kumwambia kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde ikibidi, "Hapana, ndugu yangu, hujaelewa, rudia."

Kompyuta tulizifuata Masasi. Unateremka kutoka juu kwenye baridi, unapita Mwiti, unaingia kwenye joto na yale majabali makubwa yaliyouzunguka mji. Kulikuwa na duka la intaneti karibu na stendi, unalipia nusu saa, na robo yake inaishia kusubiri ukurasa ufunguke. Kijana wa pale alichapa kwa vidole vyote bila kutazama, na kadiri alivyotuonyesha kwa ufundi ndivyo tulivyozidi kuingia baridi. Tukamwachia aandike kila kitu, hata nywila zetu alizijua yeye. Aliyetuvusha ni yule yule mwalimu wa Kitangari, mwenye mvi, miwani imefungwa kwa uzi. Siku moja alimwomba kijana ampishe kiti, akachapa kwa kidole kimoja barua pepe ya mistari miwili, akaituma. Safari iliyofuata kila mmoja wetu alitaka kiti chake. Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa zaidi na kufanikiwa kwake mwenyewe, kisha na kumwona anayefanana naye akifanikiwa. Tulikuwa tumeisoma mada hiyo, nadhani hata mtihani wake tulishaufanya, na hakuna aliyeikumbuka mle dukani.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2009, mkongo wa taifa ukaanza kusambaa mikoani, simu za kupangusa zikashuka bei. Nilipoanza shahada ya uzamili, kitabu cha kugombaniwa hakikuwepo tena. Kila mtu alikuwa na faili za PDF ndani ya simu, vitabu vingi kuliko maktaba yoyote niliyowahi kuingia kusini. Kundi likafa. Hatukugombana na hakuna aliyeaga. Kwa nini nipande pikipiki nije Luchingu kusikiliza mada ya tatu ilhali ninayo mfukoni? Tukafungua grupu la WhatsApp, tukawa tunatumiana faili, na kila faili ilipokelewa kwa kidole gumba.

Nilikuja kusoma baadaye jaribio la Roediger na Karpicke, lililochapishwa Marekani mwaka 2006, mwaka ule ule tulioanza kukaa chini ya mwembe. Waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Baadhi waliisoma tena na tena. Wengine waliisoma, kisha wakatakiwa kuiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki waliojilazimisha kukumbuka wakawaacha mbali, ingawa wale wa kurudia ndio waliokuwa na hakika zaidi kwamba wanakumbuka. Umaskini wetu ulikuwa umetupa njia bora bila sisi kuichagua. Skinner naye, huko nyuma katika miaka ya 1950, alibuni mashine ya kufundishia iliyomtaka mwanafunzi ajibu kwanza ndipo aonyeshwe jibu sahihi. Kwa hiyo si kweli kwamba chombo lazima kimlemaze mtu. Inategemea kinadai nini kwako kabla ya kukupa kitu.

Wala sitaki kuupamba ule mwembe kupita kiasi. Kulikuwa na wa tano, mwalimu mwenzetu wa kike, kutoka kijiji cha bondeni, aliyekuja mara chache akaacha. Alikuwa na mtoto mchanga, na nyumbani kwake Jumamosi mchana kukaa na wanaume chini ya mti lilikuwa jambo la kuulizwa maswali, licha ya nauli. Msimu wa korosho ndipo alipotupotea kabisa, maana kuokota na kubangua korosho hakusubiri mada ya tano. Yeye ndiye aliyefaidi simu. Alisoma usiku mtoto akilala, akauliza maswali yake kwa sauti ya chini kwenye WhatsApp, tukimjibu asubuhi. Shahada aliipata. Nikimsikia mtu akisema simu imeharibu elimu, humkumbuka yeye kabla sijajibu.

Machi 2020 vyuo vikuu vilipofungwa kwa sababu ya korona, mpwa wangu alirudi Newala kutoka Dar es Salaam na simu yenye kioo kilichopasuka. Wiki za kwanza alilala nayo akipandisha kurasa kwa kidole, na nilipomwuliza amesoma nini alinijibu, "Vingi tu, mjomba." Nikamsimulia habari za bwana shamba na sheria yake. Hakuonyesha kama amesikia. Lakini vyuo vilipotangaziwa kufunguliwa Juni 1, nilimkuta ukumbini usiku akirekodi sauti, mkono mmoja hewani, akimbishia mtu wa Mbeya juu ya chanzo cha mfumuko wa bei. Grupu lao lilikuwa limejiwekea masharti: hakuna kutuma picha ya ukurasa, unajibu kwa mdomo wako, ukikwama unasema umekwama. Wa Mbeya akajibu kwa sauti ndefu, mwingine wa Kigoma akaingilia, mpwa wangu akasonya na kuanza kurekodi upya. Kabla hajamaliza, bando likaisha. Alfajiri alinigongea dirisha akitaka shilingi mia tano ya vocha, kwa sababu, alisema, yule wa Mbeya asidhani ameshinda.