Ufunguo wa Gari la Kukodi

Wahenga walinena ya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Gari la kukodi nalo humpa mtu heshima ya siku mbili, lakini likiharibika mikononi mwa mwingine, aliyetia sahihi ndiye aulizwaye kwanza.

Hayo yalimfika sajini mmoja wa Jinja, aliyekodi gari dogo ili aipeleke jamaa yake harusini Mbale. Njia ya Iganga na Tirinyi waliipita salama. Asubuhi ya pili shemeji yake, ndugu wa mkewe, aliomba ufunguo aende Sironko kuchukua matoke ya karamu. Sajini hakuona jinsi ya kumnyima mtu wa ukweni mbele ya wazee, akampa. Shemeji alipakia ndizi, kisha akaona abiria wakingoja kando ya barabara. Akawatoza nauli, akaupanda mlima kuelekea Kapchorwa. Kwenye kona gari likaacha njia na kupinduka. Abiria mmoja akavunjika mguu.

Mwenye gari hakumtafuta shemeji. Alikunjua mkataba, akaonyesha kifungu kisemacho kuwa gari litaendeshwa na mkodi peke yake.

Hapa pana madeni mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni la gari lenyewe. Hilo latokana na mkataba, na mkataba ni baina ya mwenye mali na mkodi. Aliyemkabidhi mwingine ufunguo bila idhini hana pa kujificha, ijapokuwa yeye mwenyewe hakushika usukani.

La pili ni fidia ya aliyeumia. Mwaka 1969 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri lililotoka Kenya, ilieleza kwamba gari likidhuru kwa uzembe, hudhaniwa kuwa dereva alitenda kwa niaba ya mwenye gari, mpaka ushahidi wa kinyume utolewe. Mwaka 1972 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba ruhusa pekee haitoshi kumbebesha mwenye gari mzigo. Sharti dereva awe katika shughuli aliyotumwa. Kwa kipimo hicho, safari ya Sironko ilikuwa ya sajini, bali ile ya Kapchorwa ilikuwa ya shemeji mwenyewe. Juu ya mguu uliovunjika sajini alikuwa na la kujitetea. Juu ya gari hakuwa na neno.

Bima nayo haikumwokoa. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 juu ya bima ya lazima ya magari ilitungwa kwa ajili ya watu wanaodhuriwa, tena kwa kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Haikutungwa kulipia bati lililokunjamana. Hata bima kubwa huweza kukataa dai ikiwa gari la binafsi limebeba abiria wa nauli.

Faini za barabarani zina mkondo huo huo. Mwezi Juni 2025, Uganda ilipoanza kutoza faini kwa kamera, kabla ya mpango huo kusimamishwa kwa muda kutokana na malalamiko, taarifa ilimwendea aliyeandikishwa kuwa mwenye gari. Naye humgeukia mkodi.

Deni lilikula karo ya watoto, na mke wa sajini akawa hana usingizi, huku mume, kule ndugu. Mwishowe wazee wa Mbale waliwakutanisha. Shemeji akakubali kulipa nusu kwa awamu, na mapatano yakaandikwa na kutiwa sahihi.

Hapana budi basi, kila mwenye kukodi amwandikishe mapema dereva wa pili katika mkataba, aulize bima inalinda nini, na ajali ikitokea, apige ripoti polisi bila kukawia. Kumwambia shemeji «hapana» ni aibu ya saa moja. Deni la gari ni la miaka.